Mbeta Ile Ilikuwa Yangu

Luka, mume wangu mdogo,

Ukiisoma hii, salamu zangu utakuwa umeshazipata asubuhi kwa mdomo, wakati unafunga kamba za hivyo viatu vyako. Kwa hiyo hapa sizipotezei penseli. Penseli yenyewe ni ile uliyoitupa juzi ukasema imekuwa fupi. Kwa mkono wangu ni ndefu ya kutosha.

Mambo ya safari sikuandikii. Viazi nimeshachemsha, blanketi umelikunja mara tatu kama kitambaa cha madhabahu, na kama hujui kwamba juu ya lori kuna upepo, utajua ukishapanda. Habari za wasichana na za kuamka mapema pia naziacha. Huko chuo cha wahubiri wako watu wanaolipwa kusema hayo.

Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi. Wewe umekwenda kuaga kwa watu wanaokusifu. Nyumba kubwa haikaliki, bati linapiga kelele hata mtu hasikii anachofikiri, ndiyo maana nimekuja jikoni chini ya majani. Nimekalia kigoda, karatasi nimeiweka juu ya ungo niliougeuza. Ukiona doa, ni paa linavuja, hata baada ya kuezekwa upya. Mimi silii juu ya karatasi.

Utashangaa bibi kaandika Kiswahili, tena hiki ambacho wewe unakisahihisha mbele za wageni. Juzi tu nilisema, "Nakwenda kwa kanisani," ukanirudi: "Bibi, sema nakwenda kanisani." Nikakuambia, haya, nyinyi wenye sarufi mtatangulia mbinguni, mtufungulie sisi mlango. Ukacheka. Mimi sikuwa nacheka. Basi sikia sababu. Kibena nimekinyonya kwa mama yangu, na ndani yake nazijua njia zote za panya. Kwa Kibena naweza kulisema jambo na kulificha humo humo. Nimejitetea kwa Kibena miaka ishirini na nimeshinda kila siku. Kiswahili nilikiokota jikoni kwa mmisionari nikiwa msichana, wakati wa Mdachi, na darasa la ubatizo likaniongezea kidogo. Maneno yangu ni machache, nayo hayajui kupinda.

Jambo lenyewe ni mama yako.

Jana ulipokuwa unapaka viatu mafuta nilikuuliza, "Lori la Mhindi litasimama Makambako?"

Ukasema, "Litasimama, lazima watie maji kwenye injini."

"Utashuka?"

"Nishuke kufanya nini?"

"Mama yako yuko pale barabarani, anapikia watu wa malori. Hujui njia ya kwake?"

Ukaendelea kupaka kiatu. Kisha ukasema, nami nayaandika kama ulivyoyasema, "Bibi, tutakuwa wanafunzi watatu kwenye lori lile. Wenzangu wanajua mimi ni mjukuu wako, mjukuu wa mama wa usharika. Inatosha. Tukifika Makambako nitajifunika blanketi, nitajifanya nimelala."

Nilitaka kukupiga na mwiko. Mkono ulikwisha kuinuka, uliuona, ukaruka nyuma ukicheka, "Mke wangu huyu ana hasira!" Lakini mwiko ukabaki juu, kwa sababu neno lile la kutosha nililitambua. Halikuwa lako. Umelipata kwangu, kama ulivyopata pua hii.

Wewe unajua nini habari za mama yako Eliza? Unajua nilivyokuambia. Kwamba alitengwa na kanisa kwa ajili ya ulanzi, pombe ya mianzi, kabla hujazaliwa. Kwamba akakimbilia Makambako, akapata mtu asiyebatizwa, na mtu yule akaenda kwenye mkonge asirudi. Kwamba alikuleta kwangu kwa sababu mtoto alimshinda. Umelikariri hilo kama katekisimu. Umewaombea watu kama mama yako kanisani kwa sauti nzuri, mpaka wanawake wakafuta macho, nami nikiwa benchi la mbele nikaitika amina.

Sasa kaa vizuri.

Babu yako alipokufa aliniachia shamba kubwa kuliko mikono yangu, na binti mmoja. Mvua za mwaka ule zilikuwa kama hizi, magugu yakapanda juu ya mahindi. Huku kwetu mtu akizidiwa na palizi huita watu, na watu huja na majembe yao, na mwenye shamba hutoa ulanzi. Hakuna anayekuja kukupalilia kwa uji. Wakristo nao, Mungu awasamehe, waliacha kulima kwa pombe lakini hawakuanza kulima kwa upendo. Niliwaambia wanawake wa usharika, niliokuwa nawaongoza mimi mwenyewe, "Dada zangu, nimezidiwa." Wakasema watanikumbuka kwenye maombi. Wakanikumbuka. Magugu hayakusikia.

Babu yako alikuwa na mianzi yake bondeni, kule ambako mianzi ya watu wengi imechanganyika. Wewe umelelewa mbali na kisu cha kugemea, kwa hiyo nitakueleza. Mwanzi mchanga ukichomoza wakati wa mvua unaukata kichwa, unaning'iniza mbeta yako chini ya jeraha, ule mtungi wa kipande cha mwanzi mnene, na maji yake yanadondoka humo. Asubuhi na jioni unarudi kulikata jeraha tena, kidogo tu, lisifunge. Ukipitisha siku mbili tatu hujafika, jeraha linakauka, mwanzi unasimama pale mzima mzuri na hautoi kitu. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, hata mtoto hunywa. Jioni umekwisha kuwa kitu kingine. Wazee wa kanisa waligombana mwaka mzima juu ya saa ngapi dhambi inaingia ndani ya mbeta. Mmoja akasema saa sita mchana. Mwishowe wakachoka, wakakata shauri kwamba Mkristo asiguse mwanzi wala kisu, na mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwatangazia wanawake.

Mimi huyo huyo nilishuka bondeni alfajiri na kisu cha babu yako. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto, tule. Na ilikuwa kweli, tungelala njaa. Dhambi ya kugema sijui kama ilikuwa dhambi, Mungu anajua, mimi hiyo hainiumizi kichwa. Niligema, nikawaita watu wasiobatizwa wa ng'ambo ya bonde, wakapalilia siku tatu, wakanywea huko huko chini. Shamba likawa safi, na wanawake wa usharika wakasema, "Mmeona nguvu ya maombi?"

Nikasema amina hapo pia.

Kosa langu lilikuwa kitambaa. Nyuki walikuwa wanaingia kwenye mbeta, basi nikachana kipande cha kitambaa changu cheupe cha kichwa, vile walivyotugawia wanawake waliobatizwa, nikaufunika mdomo wake. Hakuna mwanamke wa kipagani aliyekuwa na kitambaa kile. Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, alipita bondeni akitafuta mbuzi wake, akaiona mbeta imevaa kama mwanamke anayekwenda ibadani.

Jumapili akaileta kanisani. Baada ya mahubiri akaiinua juu, kitambaa bado kipo, na alama ya babu yako ipo ubavuni, mstari mmoja na nukta tatu, ameichoma kwa chuma cha moto mwaka uliotangulia kufa kwake. Alama ile tuliijua watu wawili, mimi na Eliza.

Mzee Zakaria akauliza, "Mbeta hii ni ya nani?"

Ilikuwa kama kukaa ndani ya chungu kilichofunikwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu, la kwanza upande wa wanawake, lile lenye mgongo. Alikuwa amenijengea seremala wa misheni baada ya miaka mingi ya utumishi wangu. Mabenchi mengine hayakuwa na mgongo. Nakumbuka nilihisi ule ubao nyuma yangu, jinsi ulivyonishika vizuri.

"Nauliza tena. Ni ya nani?"

Nyuma yangu sauti ikasema, "Ni yangu."

Miaka yote hii nimejiambia nilikuwa nafungua mdomo, Eliza akaniwahi. Nimemwambia Mungu hivyo kwa Kibena, nikapanga maneno vizuri. Kwa Kiswahili siwezi kulisema. Hakuniwahi. Nilimsubiri. Nilijua binti yangu alivyo, nilijua hataniacha, nikanyamaza nikamsubiri kama mtu anayesubiri mzigo wake upakiwe.

Alikuwa msichana wa umri wako, ameposwa na mwalimu.

Tulipotoka nje Mzee Zakaria akataka mbeta ipasuliwe watu wote waone. Akasema, "Mama wa wanawake aipasue mwenyewe, asije mtu akasema tunaogopa uso wa mtu kwa kuwa ni binti yake." Nikapewa shoka. Eliza alisimama mbele yangu, mikono nyuma, hakulia. Akaniangalia hivi, si kwa hasira. Alikuwa anangoja. Sasa ndiyo nafahamu alikuwa ananipa nafasi ya pili.

Nikaipiga pigo moja tu ikafunguka vipande viwili, na wanawake wakanipigia vigelegele. Walisema imani gani hii, mama huyu hamwonei huruma hata mtoto wa tumbo lake. Siku ile niliheshimiwa kuliko siku zote za maisha yangu. Mbeta ilipasuka. Mimi sikupasuka hata ufa.

Mama yako akawekwa benchi la nyuma, karibu na mlango, pale mvua inapoingia. Mwalimu akarudisha neno kwamba hawezi tena. Sikiliza sasa jambo ambalo watu hawalijui, maana wanasema Eliza alikuwa mkaidi, alikataa kutubu. Hakukataa. Miezi sita alipokwisha kukaa pale nyuma, wazee walimwita wakamwambia atubu, arudi kundini, ale meza ya Bwana. Akapiga magoti. Wakamwuliza, "Ulimgemea nani?" Ndivyo walivyowauliza wote, ili dhambi ing'olewe na mizizi. Eliza akanyamaza. Aliporudi nyumbani nilimfokea, nilimwambia, "Wewe mjinga, sema lolote! Sema ulikunywa mwenyewe! Unanitia aibu!"

Akaniambia, "Mama, mbele ya watu nilisema uongo kwa ajili yako. Mbele ya mkate na divai siwezi."

Nilimpiga kofi. Andika hilo kichwani, ewe mwinjilisti.

Basi akakwama. Akisema kweli ananiangusha mimi. Akisema uongo anakula hukumu. Akaona njia moja tu iliyobaki, ya Makambako, akaenda kwa miguu. Mimi nilibaki na shamba safi na benchi lenye mgongo.

Ulipozaliwa, habari zilinifikia. Ulipoanza kutembea nilikufuata. Nilikwenda siku mbili kwa miguu na kitambaa kipya kichwani. Nilimkuta anachochea moto chini ya kibanda, sufuria ya maharage hapa, pipa la pombe kule, wewe umefungwa kamba kiunoni usije ukaangukia moto, watu wa malori wanakutania kwa kukuita turniboi, utingo wao mdogo. Akaniona, akapangusa mikono.

"Kamwene, Mama. Umekuja kunitazama au umekuja kuchukua?"

Alinijua. Akanipa uji kwenye kata ile ile anayopimia pombe. Sikuunywa. Niliuweka chini mbele ya watu ili waone kwamba mimi sinywi kwenye chombo kile. Nikamwambia hakuna mchungaji atakayembatiza mtoto wa mtu aliyetengwa kwenye nyumba ya pombe. Nikamwambia akinipa mimi utabatizwa, utasoma, utakuwa mtu. Nikamwuliza anataka mwanawe aende motoni kwa sababu ya kiburi chake. Nilisema hivyo, Luka. Kiburi chake.

Aliyaacha maharage mpaka yakaanza kuungua. Kisha akakufungua kamba. Akasema, "Mchukue. Lakini siku moja utamwambia."

Nikasema, "Nitamwambia."

Ulilia mpaka tulipouvuka mto. Hakukuleta kwangu. Hakushindwa. Nilikupokonya, na nikatumia jina la Yesu kama kamba.

Sasa utaniuliza, Bibi, kwa nini unaniambia leo, miaka yote hii ulikuwa wapi? Swali zuri, utafaa chuoni. Mwezi uliopita, uliposema jiko hili linavuja na vijana wakaja kuezua majani ya zamani, kitu kiliniangukia miguuni, cheusi kwa masizi. Nikafikiri ni kuni. Nikakifuta kwa kanga. Mstari mmoja na nukta tatu.

Alikuwa ameokota kipande kile siku ya shoka. Siku ya kuondoka akakichomeka kwenye paa la jiko juu ya mafiga, pale pale ninapokaa. Hakuacha neno. Miaka ishirini nimepika ugali chini ya kipande kile. Nimesali chini yake, nimekufundisha kusoma chini yake. Unakumbuka siku vijana walipoezua nilikaa kitandani nikasema ni mgongo? Haukuwa mgongo.

Basi nikaenda kwa mchungaji, huyu kijana. Mzee Zakaria alikwisha kuzikwa, na waliokuwapo siku ile wamebaki wachache. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, alinipa kiti nikakataa. Nikamwambia nataka kusimama mbele Jumapili na kusema. Akakuna kidevu. Akafunga mlango.

"Mama, hayo ni ya zamani."

Nikamwambia, "Mtoto wangu amekaa Makambako leo, si zamani."

"Lakini watu wakisikia, watamheshimu nani? Wewe ni nguzo. Na kijana wetu Luka, barua yake ya usharika nimeandika mimi, nimesema ni mjukuu wa mama yetu mwaminifu. Nitawaambia nini chuoni? Tubu chumbani kwako, Mama. Mungu anasikia."

"Si wamheshimu Yesu?"

Akacheka kidogo, cheko la adabu. "Hayo ni ya mahubiri, Mama."

Akaniagizia chai. Chai yenye maziwa, kwenye kikombe kizuri. Nami nikainywa, Luka! Nilikaa kwenye kiti kile nilichokikataa nikaimaliza. Nilirudi nyumbani nimestarehe. Kwa siku nne nilikuwa na raha, nikasema basi, mchungaji amenikataza, nifanye nini mimi mjane? Unaona jinsi shimo lilivyo laini chini? Dhambi ingenichubua ningetoka zamani. Kilichonikamata ni heshima. Ni ule ubao wa nyuma, na watu wanaosimama kunipisha. Nilifikiri wananiinua kumbe wananizika, kila mmoja anatia udongo wake kwa adabu.

Kisha jana ukasema neno lako, inatosha, ukapaka kiatu kingine.

Sikufundishi kitu, mimi si mwalimu. Nakuambia tu nilichokiona. Tunaimba kanisani habari za moyo uliovunjika, nami ndiye ninayeanzisha wimbo, na moyo wangu ni mzima kama yai la mbuni. Nimewaona watu wawili waliovunjika kweli kweli katika usharika ule. Mmoja ni mama yako. Mwingine ni yule mwanamke mzee wa benchi la nyuma anayesali maneno kinyume, yule uliyemwigiza juzi kwa wenzako hapo uani mkaanguka kwa kicheko. Siku magugu yalipopanda yeye alikuja na jembe peke yake bila kuitwa, akalima mistari miwili, akaenda zake. Nilimwona mchafu, sikumkaribisha ndani. Watu wanadhani mwanzi uliosimama bila jeraha ndio wenye afya. Mgema anajua.

Sasa niko hivi. Nikisema Jumapili, habari zitakufuata huko chuoni, na huenda wakakurudisha; sikuahidi kwamba hazitakufuata. Nisiposema, nakutuma ukahubiri umesimama juu ya mgongo wa mama yako. Nimegeuza huku na huku tangu alfajiri kama kuku aliyefungwa mguu. Hakuna njia ya tatu. Ingekuwapo, mimi ningeiona kwanza, mimi ni hodari wa njia za tatu.

Kwa hiyo Jumapili sitamwomba mchungaji ruhusa ya kusema. Nitakwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hakuna sheria inayomkataza mtu kukaa. Wataniuliza, "Mama, kulikoni? Njoo mbele." Wakiniuliza, nitajibu. Mara hii swali nitalijibu mimi.

Nimeiweka penseli chini mara mbili kabla ya kuliandika hilo. Usifikiri bibi yako amekuwa mtakatifu. Pengine mvua itanyesha na nitasema ninaumwa. Ndiyo maana nimeliandika kwanza kwako, ili kuwe na mtu mmoja duniani anayeweza kuniita mwongo.

Na wewe sasa uko juu ya lori, na baridi imekufanya ulifungue blanketi lako, au umelifungua kwa sababu umeona mabati ya Makambako kwa mbali unataka kujifunika. Ndiyo sababu nimeikunja barua humo. Ndani yake kuna kipande cha mwanzi nilichokifunga kwa kitambaa cheupe, kile kile changu, nimekichana tena. Usikidharau kwa kuwa ni cheusi.

Ukitaka, tupa vyote viwili barabarani. Utafika chuoni na viatu vyako, utavaa joho, watu watasimama wakikuona. Nakujua, utahubiri vizuri. Nitasikia habari zako nikiwa popote nitakapokuwa nimekaa, na nitajua wewe ni mtoto wangu kweli.

Ukishuka, usimwite mtu akupe njia. Fuata moshi. Akikupa uji kwenye kata ya pombe, kunywa mpaka chini, kisha umrudishie kwa mikono miwili. Mpe kipande. Usimsomee barua hii yote, hana haja nayo, yeye alikuwapo. Barua hii ilikuwa yako. Mwambie maneno manne tu. Usiyaseme kwa Kiswahili, Luka, wala usiyasahihishe. Yaseme kwa Kibena, kwa sababu mimi kwa Kibena sijawahi kuyasema, na nataka yeye awe wa kwanza kuyasikia, kabla ya Jumapili, kabla ya watu wa kanisa.

Mwambie, mama anasema: mbeta ile ilikuwa yangu.

Mimi bibi yako, niliyeshika shoka